Kampong Gelam: halali ya sahani, halali ya mtaa

Mtu wa Mombasa au Unguja akiingia Kampong Gelam, Singapore, hajihisi mgeni sana. Nyumba zimebanana, duka chini, madirisha ya mbao juu, na mwisho wa Bussorah Street kuna Msikiti wa Sultan uliokamilika 1932. Chini ya kuba lake la dhahabu pamezungushwa vitako vya chupa vilivyochangwa na maskini. Ng'ambo ya barabara, kwenye mkahawa wa Zam Zam uliofunguliwa 1908, mpishi anarusha donge la unga mpaka liwe jembamba kama shashi, anamwagia nyama na mayai, anakunja. Wao huita murtabak. Sisi tungesema mkate mayai, na wala si ajabu: Wahadhrami, Waarabu wa Yemen, walishuka huku na kule.

Ukienda hatua chache, Haji Lane, unakuta baa na magitaa. Ndipo mjadala unapoanza: mtaa ambao mpango wa mji wa Waingereza wa 1822 uliutengea Sultani Hussein wa Johor, Wamalay, Waarabu na Wabugis (watu wa Sulawesi), uuze vyakula halali tu?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mgeni aliyetoka kuswali hapaswi kuhoji kila mlango, na kibao cha "hatuuzi nguruwe" hakimwambii kuku alichinjwa na nani. Cheti cha MUIS, baraza la Kiislamu la nchi hiyo, kinamjibu, na anayeuza pombe hapewi.

Lakini cheti ni hiari, kina ada na makaratasi. Wapo Waislamu wanaopika bila hicho, na wateja wanawaamini kwa kuwajua tu, kama sisi tunavyomwamini muuza mishikaki wa mtaani. Kuwalazimisha ni kuwaumiza wale wale tunaodai kuwalinda. Tena Singapore ni ya dini nyingi. Kumfukuza mpangaji kwa sababu ya jiko lake si jambo jepesi.

Mimi cheti nakitaka, hasa kwa mgeni. Baa mbele ya msikiti sizitaki kabisa. Ila naona tunagombana kuhusu sahani huku wenyeji wakiwa wameshaondoka. Uhifadhi uliotangazwa 1989 uliokoa kuta na vigae. Familia nyingi zilihamia maghorofa ya serikali, na 1999 hata waliokuwa wakiishi kwenye kasri la Sultani walitoka. Mama anayeuza nasi padang, wali na vitoweo vya asili ya Sumatra, akishindwa na kodi ya pango, cheti kitateremshwa ukutani siku hiyo hiyo anayobeba masufuria yake.