Uvumilivu Peke Yake Haukumfikisha Bibi

Bibi yangu hukaa kwenye ncha ya kiti. Kiti ni chake, kina mito miwili na mahali pa kuegemea, lakini yeye hukaa pembeni kabisa, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kutumwa. Amekaa hivyo tangu akiwa na miaka minane, alipopelekwa kwenye nyumba ya watu kufanya kazi kwa ujira wa kula na kulala. Nikimwambia, "Bibi, egemea upumzike," hunijibu, "Nimepumzika, mjukuu wangu."

Leo ana chumba chake, maji ya bomba, dawa za presha zimepangwa mezani, na hakuna wa kumwamrisha. Hata hivyo, sabuni ikibaki kipande chembamba kama ukucha, hukibandika kwenye mche mpya na kukikandamiza kwa dole gumba mpaka vishikane.

Kila familia ikikutana, lazima atasimama mtu aseme: mvumilivu hula mbivu, mwangalieni Bibi. Mimi hushindwa kupiga makofi, kwa sababu namkumbuka mdogo wake. Yeye naye aliamka alfajiri ileile, akalima, akalea watoto wake na wa wenzake, akamuuguza mama mkwe mpaka siku ya mwisho. Kisha mumewe akafa. Alimaliza maisha akiomba hela ya dawa kwa watoto ambao nao hawakuwa nayo. Nani atathubutu kusema hakuvumilia?

Kilichowatenganisha ni karatasi. Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye masomo ya jioni, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Sabuni ilimchubua mikono, makovu anayo hadi leo, lakini ilikuwa ajira ya kuandikishwa, na kila mwezi alikatwa pensheni. Kazi za mdogo wake hazikuandikwa popote.

Na wa aina yake ni wengi mno. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba saa bilioni 16.4 hutumika kila siku duniani kwa kazi za nyumbani na za kulea zisizo na malipo, na zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Hizo ni saa za kazi ambazo hazimwekei mtu akiba hata senti moja ya uzeeni. Wazo la kumtunza mtu uzeeni si geni: Ujerumani ilitunga sheria ya pensheni ya wafanyakazi mwaka 1889. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 25, linataja ujane na uzee waziwazi miongoni mwa hali ambazo mtu anastahili kulindwa. Kwa hiyo naamini kila mzee apewe pensheni, hata kama hajawahi kushika hati ya mshahara. Kumsifu mwanamke kwa kuvumilia huku tukimwacha mikono mitupu ni kumdhulumu.

Mwisho wa mwezi mimi humsindikiza Bibi kuchukua pensheni yake. Yeye huandika jina lake polepole, herufi moja moja, wala hakubali mtu amshikie kalamu. Mwezi uliopita, alipomaliza kuhesabu, alitenga noti mbili na kuzikunja ndogo.

"Hizi za wajukuu wa mdogo wangu," alisema. "Mwenyewe sikuwahi kumpa za kutosha."