Mtihani wa leseni haufaulishwi na faili za simu

Msimu wa mtihani wa leseni ukikaribia, simu za vijana wetu hapa Mombasa hujaa faili: maswali ya miaka iliyopita, majibu yamepigiwa mstari, na hakuna ajuaye ni nani aliyeyajibu. Kijana aliyesomea udaktari India, Misri au Sudan akirudi nyumbani hana budi kufaulu mtihani wa baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno, ndipo aanze mwaka wake wa uanagenzi hospitalini. Nyumbani kuna wazazi waliouza shamba ili asome. Naelewa kwa nini anakimbilia njia ya mkato, ila njia hiyo inamharibia.

Chukua swali la ganzi. Mtoto wa kilo 15 anang'olewa gego. Mwisho wake ni katriji (vichupa vya dawa ya sindano) ngapi za lignokeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 2? Kwenye faili utakuta jibu limeandikwa "chini ya mbili", basi. Lakini kokotoa. Asilimia 2 ni miligramu 20 kwa kila mililita. Ukishika kipimo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo, mtoto huyu asipite 66. Katriji ya mililita 1.8 ina miligramu 36, kwa hiyo mbili kamili zimeshavuka mpaka. Ya mililita 2.2 ina 44, na hapo mwisho ni moja na nusu. Aliyekariri "chini ya mbili" akishikishwa ile kubwa atampa mtoto ziada na moyo wake umetulia kabisa. Ganzi ikizidi mwilini huweza kuleta degedege. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko alama za mtihani.

Na mgonjwa haji na herufi A mpaka D. Mama kutoka Likoni atakwambia jino lapwita usiku kucha, na akinywa chai moto maumivu yakaa muda mrefu. Ameshakupa nusu ya jibu: yaelekea kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye neva, kimevimba kiasi cha kutopona, na hapo ni kutibu mzizi au kung'oa. Mwenzake anayeshtuliwa na maji baridi kisha maumivu yakaisha papo hapo, jino lake huenda likaokolewa kwa kuziba tu.

Wanaolenga ng'ambo nao wasijidanganye. INBDE, mtihani wa leseni ya udaktari wa meno wa Marekani, ni maswali 500 kwa siku mbili, na mengi yanamhusu mgonjwa mwenye historia yake. PLAB, mtihani wa Uingereza kwa madaktari waliosomea nje, sehemu yake ya pili hufanyiwa Manchester mbele ya watu wanaoigiza wagonjwa.

Kaeni watatu baada ya isha. Mmoja awe mgonjwa, mmoja ajibu kwa sauti, wa tatu ashike kitabu na amkatize kila anaporuka hatua. Karatasi za zamani zitumieni mwishoni, kwa kupima mwendo: PLAB ya kwanza ina maswali 180 kwa saa tatu, yaani dakika moja kwa swali.

Nanyi madaktari wa meno mlio na kliniki Nyali, Tudor na Mvita, waiteni vijana hawa Jumamosi alasiri wagonjwa wakishapungua. Wapeni picha ya eksirei, waulizeni wanaona nini, kisha waulizeni wamejuaje.