Rampu Ipo, Choo Je?

Shule ikitaka kuonyesha kwamba imewafungulia milango watoto wenye ulemavu, mara nyingi hukimbilia kujenga rampu, ile njia ya mteremko ya kupitishia kiti cha magurudumu, maana mgeni huiona akiingia tu. Mimi ningeanzia chooni. Huko ndiko mtoto anakotambua, bila kumwambia mtu, kwamba shule hii haikumtarajia.

Chukua mtoto wa kiti cha magurudumu katika shule ya msingi ya Eastlands, Nairobi. Vyoo ni vya kuchuchumaa, mlango ni mwembamba, una kizingiti, na unafunguka kwa ndani. Kiti hakipiti. Basi anajipangia: asubuhi hanywi uji, na chupa ya maji inarudi nyumbani ikiwa imejaa. Ikifika saa nane kichwa kinamgonga, mwalimu anadhani ni mzembe. Baadaye yanakuja maambukizi ya mkojo na siku za kukosa shule, kisha wazazi wanaambiwa wamtafutie shule maalum.

Kwa mwenye mgongo wazi, yaani aliyezaliwa na uti wa mgongo usiofunga vizuri, hali ni nzito zaidi. Wengi hutoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye njia ya mkojo kila baada ya saa tatu au nne, kazi inayotaka maji, sabuni, mahali safi na mlango unaofungika. Yasipokuwepo, mama huacha kibarua ashinde karibu na shule. Au mtoto hulowa, wenzake wakaziba pua, na hakuna tena wa kukaa naye dawati moja. Watoto hao hawana roho mbaya, hakuna aliyewaeleza. Na msichana wa darasa la sita anayebebwa na wavulana mpaka chooni hajasaidiwa, ameaibishwa.

Choo chenyewe fundi yeyote wa mtaani anakiweza. Mlango wa sentimita 90, bila kizingiti, ufunguke nje. Ndani pabaki mita moja na nusu ya kugeuzia kiti. Choo cha kukalia kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi, na vyuma vya kushikilia vifungwe ukutani kwa bolti, kwani vya misumari hung'oka mtu akivilalia. Bomba lifikiwe na aliyeketi.

Kinachoniuma ni kufuli. Choo kinajengwa, kinafungwa kisichafuliwe, mwisho kinawekwa mifagio. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima.

Kwenye mkutano ujao wa wazazi, kabla ya kuchangia rangi ya geti, omba uonyeshwe choo hicho. Beba tepu ya kupimia, na uulize ufunguo huwa kwa nani.