Mpiga Kinanda Akichelewa, Tusiimbe?

Jumapili iliyopita kiongozi wa ibada alisimama mbele, akatazama mlangoni, akatutangazia bila hata kucheka: "Wapendwa, tuvumiliane kidogo, mpiga kinanda yuko njiani. Akifika tutaanza kumwimbia Bwana." Tukakaa. Watu wazima na akili zetu, koo tumekuja nazo wenyewe, tenzi tunazijua tangu Shule ya Jumapili, tumekaa tunajipepea kwa karatasi za matangazo tukimsubiri mtu aje kuchomeka waya!

Naomba tusielewane vibaya. Sisemi kinanda ni dhambi. Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao si ya kitoto: Yesu na wanafunzi wake waliimba ndipo wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni, Paulo na Sila waliimba usiku wa manane gerezani, wala hatusomi popote kwamba kulikuwa na chombo. Lakini Zaburi ya 150 nayo imejaa baragumu, kinubi na matoazi, na mimi siwezi kujifanya sijaiona. Halafu nikikumbuka kule Marekani ugomvi wa kinanda ulivyochangia kuwatenganisha ndugu wa imani moja, hadi sensa ya dini ya mwaka 1906 ikawaandika Makanisa ya Kristo peke yao na Wanafunzi wa Kristo peke yao, natamani kuwapongeza wote wawili kwa upendo wa kindugu.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba hatusikiani tena. Paulo anawaambia Waefeso wasemezane kwa zaburi na tenzi na nyimbo za rohoni. Haya, msemezane vipi wakati spika mbili zenye kimo cha mtu zinawanguruma usoni? Juzi nilijaribu. Niliacha kuimba katikati ya ubeti, nikafunga mdomo kabisa, nikasikiliza. Hakuna kilichopungua. Mama aliyekaa kushoto kwangu midomo ilikuwa inacheza, sauti yake sikuisikia. Nikageuka nyuma: nusu ya watu wamesimama mikono imekunjwa, wanaitazama timu ya sifa kama watazamaji wa mpira. Na kwa nini waimbe? Kazi imeshafanywa, tena na watu wenye vipaza sauti.

Sasa zima vyote uone. Ubeti wa kwanza ni aibu tupu, kila mtu anajisikia yuko uchi. Wa pili, mzee mmoja wa nyuma anaishika besi, huyo ambaye miaka yote ulidhani haimbi. Akina mama wawili watatu wanaingia sauti ya pili bila kuambiwa na mtu. Ghafla unamsikia jirani yako anavuta pumzi kabla ya mstari, nawe unavuta naye. Kuna aliyefiwa wiki hiyo, sauti inamkatikia katikati ya neno, na walio karibu naye wanaubeba wimbo hadi arudi. Kinanda hakiwezi kufanya hivyo. Hakijui nani kafiwa.

Na msiniambie kuimba bila vyombo ni dalili ya umaskini. Waorthodoksi wa Urusi wana makanisa yenye kuba za dhahabu, na hadi leo ibada yao inaimbwa kwa sauti za watu tu. Spurgeon, yule mhubiri wa Kibaptisti wa Uingereza, alikuwa na maelfu ya watu London katika jengo lililofunguliwa mwaka 1861, akawaimbisha bila kinanda. Sidhani kama alikosa wa kumnunulia. Zwingli, mwanamatengenezo wa kanisa kule Zürich, Uswisi, ndiye aliyepita mpaka: mwenyewe mpiga vyombo hodari, akaondoa vinanda na kuimba kwenyewe. Huko simfuati.

Nakubali, shingo upande, kwamba bila chombo mambo huharibika. Mtu akianzisha juu mno, kufika kiitikio akina mama wanapiga kelele na wanaume wamekata tamaa. Au wimbo unashuka taratibu mpaka ubeti wa nne unaimbwa chini ya viti. Inachekesha, na hakuna aliyekufa. Anayeanzisha ajizoeze, basi. Aanze chini kidogo kuliko anavyotaka, asikimbie.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachungaji na viongozi wa ibada ni dogo. Sitaki vyombo viuzwe, na wapigaji ni ndugu zetu. Wimbo mmoja tu kila ibada, ule ambao hata watoto wanaujua, tuachieni. Wapigaji nao washuke waje waimbe katikati yetu, maana wengine hawajawahi kusikia kanisa lao linavyoimba. Na kipaza sauti cha kiongozi kizimwe pia. Najua ujanja wenu: ngoma zinanyamaza, kinanda kinanyamaza, halafu mtu mmoja anabaki anatutetemeshea masikio peke yake, eti tunaimba bila vyombo.