Tulikubaliana tusiongee siasa mezani

Kanuni ile niliiweka mimi mwenyewe. Katikati ya Desemba 2025 niliandika kwenye grupu la familia: mwaka huu tunakutana Rungwe kwa bibi kama kawaida, kila nyumba ije na mchele kilo 10 na lita 3 za mafuta, mbuzi ameshapatikana, na jamani siasa tuziache huko huko tulikotoka. Wakaitikia wote. Wifi yangu wa Iringa aliweka mikono ya sala. Baba mdogo wa mume wangu, ambaye hajui kuandika meseji fupi, alituma sauti ya dakika mbili kunipongeza kwa hekima. Kijana wangu wa kwanza, anayeishi Dar es Salaam, alisoma, hakuandika kitu.

Nilijiona mama mwenye busara, na sababu nilikuwa nazo. Baba mdogo ni mtu wa kijani tangu enzi za chama kimoja. Shemeji yangu mmoja alikuwa anavaa gwanda la Chadema hadi msibani. Zamani tulikuwa tunawachokoza makusudi. Mwaka 2015, Lowassa alipohamia upinzani na kupambana na Magufuli, watu wawili hawa walibishana Krismasi nzima mpaka chai ikapoa, kisha wakaenda pamoja kutafuta kimpumu nyuma ya nyumba (bibi ni Mmoravian, pombe haiingii kwake, inazunguka). Siasa ilikuwa kama Simba na Yanga. Ukifungwa unataniwa, kesho mnaazimana jembe.

Mwaka huu hakuna aliyekuwa na hamu ya kutania.

Nieleze Oktoba kwangu ilikuwaje. Sisi tunakaa Uyole, hapa Mbeya. Jumatano ya tarehe 29, siku ya uchaguzi mkuu, nilipiga kura mapema, nikarudi kupika. Mchana intaneti ikakatika. Nikadhani bando limeisha, nikanunua lingine, na lenyewe likafia ndani ya simu. Jioni ndipo tukasikia kwamba Dar es Salaam kumechafuka kwa maandamano, na hakuna kutoka nje kuanzia saa 12. Nikaanza kumpigia kijana. Simu ya kawaida ilipita labda mara moja kati ya tano, ikipita inaita mpaka inakata. Saa 4 usiku ikaingia meseji: "Niko ndani mama. Usipige, chaji inaisha."

Hiyo meseji niliishi nayo. Jumamosi, Novemba 1, redio ikatangaza kwamba Rais Samia ameshinda kwa asilimia 97.66. Nilikuwa nachambua maharage. Watu wengi wameijadili ile asilimia na wanajua kuijadili kuliko mimi. Mimi nilikuwa nawaza chaji ya simu. Jumatatu, siku aliyoapishwa Dodoma, mtandao ukaanza kurudi, na picha zikaanza kuingia moja moja kwenye grupu za akina mama wa kwaya. Nilizifuta zote bila kuzimaliza, nikaona hiyo ndiyo njia ya kulinda nyumba yangu.

Ikafuata Desemba 9. Miaka 64 ya uhuru, sherehe zimefutwa, serikali inashauri watu wabaki majumbani. Barabara ya Mwanjelwa ilikuwa kimya, bajaji hazipo. Mbeya hatujazoea ukimya wa namna ile. Sisi ni watu wa kelele. Novemba 2011, machinga na polisi walipochafuana pale Mwanjelwa, mji mzima ulikuwa unapiga kelele, hata waliojificha. Mwaka huu sikukuu ya taifa tuliifanya milango imefungwa, tukicheza karata, na hakuna aliyesema tunajificha. Tulisema tunapumzika.

Kijana alifika tarehe 22 kwa basi la usiku. Amekonda. Alikumbatia wadogo zake, akalala siku nzima, na tulipofika Rungwe akajipa kazi zote: kupasua kuni, kuchuna mbuzi, kukata majani ya ng'ombe kwenye mvua ile ya Rungwe isiyojua kupumzika. Usiku niliamka mara mbili nikamkuta amekaa kwenye kizingiti. Nikamuuliza kama anaumwa. "Hapana mama, baridi tu." Mtu anayesikia baridi hakai mlangoni. Nilijua, nikarudi kulala.

Kanisani siku ya Krismasi tuliombea amani. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891 na wanajua kuomba. Tuliombea mvua iwe ya kiasi, chai ipate bei, wasafiri, wagonjwa, Rais na wasaidizi wake. Tuliimba malaika wakitangaza amani duniani kama alivyoandika Luka. Waliokufa Oktoba hawakuombewa. Simlaumu mhubiri. Nilikuwa kwenye kwaya, nimevaa sare mpya, na mimi pia nilishukuru kwamba hakuwataja, maana mwanangu alikuwa benchi la nyuma na sikutaka atazamwe.

Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba Mathayo hakuijua kanuni yangu. Kwake Krismasi haijapoa bado, Herode anatuma watu kuua watoto wa Bethlehemu, Yusufu anabeba familia usiku kukimbilia Misri, na Raheli analia na hataki kufarijiwa kwa kuwa watoto wake hawako. Hiyo nayo ni habari ya Krismasi, tena kwenye sura ya pili tu. Sisi tunafunga kitabu pale mamajusi wanapotoa zawadi.

Mezani sasa. Pilau, mbuzi, ndizi za nyama, na soda za watoto zilizofichwa chini ya kitanda cha bibi. Baba mdogo, kwa kuwa ndiye mkubwa wa kiume, alisimama kushukuru. Akasema mwaka umekuwa mgumu, vijana wetu walirubuniwa, walilipwa na watu wa nje kuja kuchoma nchi yao, lakini Mungu ameinusuru Tanzania, na sasa tule.

Hakuona kwamba ameongea siasa. Nina hakika kabisa, maana namjua, hana hila. Kwake ile ilikuwa shukrani, ya aina moja na kushukuru kwamba basi halikupinduka kwenye mlima Kitonga. Na hapo ndipo nilipoielewa kanuni yangu. Ukisema siasa zisiongelewe, maneno ya upande wenye nguvu hayahesabiwi kuwa siasa. Yanapita kama taarifa, kama dua, kama hali ya hewa. Siasa ni yale atakayojibu yule aliyeumia. Kanuni niliyowawekea watu 19 ilifunga mdomo mmoja tu, na mdomo wenyewe ni wa mtoto niliyemzaa.

Kijana aliweka kijiko chini taratibu. Akasema, "Ahsante bibi, nimeshiba," sahani ikiwa imejaa, akatoka. Watu wakaendelea kula. Mimi nilichukua upawa nikamwongezea baba mdogo mchuzi.

Naandika makala hii kwa sababu ya ule mchuzi.

Usiku, jiko la nje. Nilikuwa nasugua masufuria mlangoni, kijana ameinamia moto, bibi akaja na kigoda chake akakaa karibu naye kabisa, magoti yakigusana. Bibi hana simu ya kuperuzi na redio yake ni ya nyimbo na matangazo ya vifo. Hakumuuliza ulikuwa upande gani, wala uliandamana au hukuandamana. Alimuuliza swali ambalo mimi, msomi wa familia, sikuwa nimeliuliza kwa miezi miwili.

"Nani amekufa?"

Akamwambia. Rafiki yake, fundi simu mwenzake, walikuwa wanachangia chumba. Jioni ya Alhamisi alitoka kutafuta unga kabla ya saa 12, na hakurudi. Mama yake amezunguka kila mahali anapoweza kuzunguka mama. Hana kaburi la kumpeleka.

Bibi akauliza maswali mengine ya kwake: mtoto wa ngapi, baba yupo, matanga walikaa wapi kama hakuna wa kuzika, nani alimpikia mama. Kisha akasema kitu ambacho nimekisikia tangu niolewe na sikuwahi kukitumia kichwani. Sisi Pasaka tunaianzia makaburini. Na ni kweli, Wamoravian alfajiri ya Pasaka tunakwenda kwenye makaburi kwanza, giza bado lipo, tunaimba katikati ya marehemu wetu mpaka jua litoke, ndipo tunarudi kula. "Na hatujawahi kukosa hamu ya kula," akasema bibi. Akamshika mkono mjukuu wake, akamwita Kyala, yaani Mungu, akaomba kwa Kinyakyusa na kulitaja lile jina. Silitaji hapa, mama yake hajaniruhusu. Linaanza na R, na ulimi wa bibi hauna R, kwa hiyo kwa Mungu limefika likiwa na L.

Nilikuwa nimeshikilia sufuria. Nilitambua kwamba miezi miwili nilikuwa naogopa, na ile hofu nikaibatiza amani ili niweze kuishi nayo kanisani.

Sasa maoni yangu, kwa kuwa hii ni sehemu ya maoni. Simwombi mtu aache kuombea amani. Ila nimechoka na amani ambayo sharti lake la kwanza ni kutolia. Huku kwetu nyanda za juu hatukuzoea hivyo. Jirani akifiwa, hata kama mna kesi ya mpaka wa shamba, unabeba ndizi unakwenda, unakaa chini na wenzako. Kesi itaendelea wiki ijayo. Tangu lini tumeanza kumuuliza marehemu chama chake kabla ya kubeba kikapu?

Nakiri kuna mambo yamefanyika. Rais mwenyewe alitoa pole bungeni Novemba 14 na kuunda tume, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ninapoandika haya, mwanzoni mwa 2026, naisubiri. Wenzangu wanasubiri iseme nani alikosea na walikufa wangapi. Mimi nataka majina. Nikipewa namba peke yake, nitaisikia kama nilivyoisikia ile asilimia, nikichambua maharage. Jina ndilo unaloweza kulipeleka jikoni kwa bibi.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya Dar es Salaam. Mdude Nyagali, mwanaharakati wa Chadema, alichukuliwa nyumbani kwake hapa hapa jijini Mbeya usiku wa Mei 2025. Polisi walikana kuhusika, na mpaka Krismasi inafika hajaonekana. Hukupenda maneno yake? Hata mimi mengine yalinikera. Lakini Krismasi kwenye nyumba ile ilikuwaje, mezani walikaaje, hilo sikuwahi kujiuliza mpaka nilipomwona mwanangu anaacha sahani.

Tarehe 27 nilimfuata baba mdogo shambani kwake, nikamwambia yote. Nilimwambia kwa heshima, nimepiga goti kama inavyopasa, lakini nilimwambia. Alinyamaza muda mrefu akichokonoa udongo kwa fimbo. Akasema, "Mama, sikujua kama alikuwa rafiki wa mtoto wetu." Nilishukuru, nikaondoka, na njiani jibu lile likaanza kunisumbua. Kwa hiyo angekuwa rafiki wa mtoto wa mtu mwingine? Ila siwezi kumcheka, mimi mwenyewe nilihitaji jiko, usiku na mama mkwe wa miaka 80 na ushee ndipo nikajua. Jioni ile baba mdogo alikuja kwa bibi, akakaa na kijana kwenye benchi la nje, na wakaongea habari za ng'ombe. Ng'ombe tu. Nusu saa nzima.

Kijana aliondoka wiki ya kwanza ya Januari. Asubuhi ya safari bibi alikuwa ameshakatisha mkungu wa ndizi za kupika, mkubwa kuliko mdogo wa mwisho wa kijana, umefungwa kwa majani makavu. Wa mama wa yule rafiki. Kwanza aliuliza kama Waislamu wanakula ndizi. Alipoambiwa wanakula akasema vizuri, basi ampelekee mwenyewe, asimtume mtu, na akifika akae kwanza asiseme kitu.

Stendi konda aliutazama mkungu akadai elfu nane. Nikaanza kubishana naye, elfu nane za ndizi, kwani anasafirisha jeneza? Neno likanitoka nikajuta. Konda akacheka, akauliza mizigo yote hii inakwenda sherehe gani huko Dar.

"Msibani," akasema kijana.

Konda aliinua mkungu mwenyewe, akausukuma ndani ya buti juu ya mabegi ili usipondwe, na akachukua elfu tatu.