Hisi za mwili katika utafiti wa michezo: ushahidi au masimulizi tu?

Katika miaka ya 1990, mwanafiziolojia Bengt Saltin na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni haukupishana sana, ila Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile. Jambo hilo lisingejulikana kwa kumuuliza mkimbiaji anajisikiaje. Maabara ina haki yake, na sioni sababu ya kuidharau.

Lakini mfikirie Henry Wanyoike, Mkenya aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 alishinda mita 5,000 huku akimvuta mwelekezi wake aliyekuwa ameishiwa nguvu. Saa ilinasa muda wake. Haikunasa habari inayopita kwenye kamba inayounganisha mikono ya watu wawili: kona inaanza, mwenzangu analegea, hatua zetu zimepishana. Anayechunguza mbio za wasioona akaacha mguso na sauti, ameuacha mchezo wenyewe.

Ndiyo maana wapo watafiti wanaoingia mchezoni kwa miili yao, kama mwanasosholojia Loïc Wacquant aliyejiunga na klabu ya ndondi Chicago mwaka 1988. Naiheshimu njia hiyo, ingawa ina mtego. Mtafiti akitoka pwani akapanda hadi Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya ulio takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kifua kitamuwaka siku ya kwanza. Akiandika kwamba mbio za Iten ni maumivu ya kifua, amejieleza yeye mwenyewe. Kijana aliyezaliwa huko hayajui maumivu hayo.

Gunnar Borg wa Sweden alijaribu kuziunganisha pande hizi mbili, vipimo na hisi, kwa kipimo cha 6 hadi 20: mkimbiaji anataja ugumu anaouhisi, na kwa kijana mwenye afya namba hiyo mara kumi hukaribia mapigo ya moyo kwa dakika. Ni chombo kizuri. Hata hivyo, 15 ya mapaja mazito na 15 ya pumzi fupi huandikwa sawa, ilhali kocha makini angezishughulikia tofauti.

Naona hisi ziingie kwenye daftari la utafiti kwa masharti: ni za nani, ameuzoea mchezo kwa muda gani, na vipimo vilionyesha nini wakati uleule. Mkimbiaji akisema amechoka kabisa huku mapigo yakiwa ya kawaida, tofauti hiyo ichunguzwe, isifutwe kama kosa lake.