Majibu ya Kisima Yako Wapi?

Jumamosi iliyopita tuliitwa kikaoni chini ya mwarobaini, nyuma ya ofisi ya chifu. Ajenda ilikuwa mradi wa kuzibua mtaro mkubwa na kuangalia usafi wa maji ya visima vya mtaa wetu. Mshauri wa mazingira alikuja na vijana wawili, projekta na karatasi ya mahudhurio. Karatasi ilitangulia. Hata hatujaambiwa mradi ni wa nini, tulishaandika majina, nambari za kitambulisho na za simu, tukatia sahihi. Ndipo akaanza kusoma, kwa Kiingereza, mbele ya kina mama walioacha makarai ya viazi motoni ili wamsikilize.

Bi mkubwa mmoja akamwacha amalize, kisha akanyoosha mkono. "Mwanangu, mwaka jana wenzako walikuja na vichupa. Wakachota maji kisimani kwangu, wakachota na kwa jirani. Wakasema watarudi na majibu. Yako wapi?"

Akajibiwa kwamba majibu yamo kwenye ripoti. Na ripoti iko wapi? Imeshawasilishwa. Kwa nani?

"Kwa wahusika, mama."

Neno hilo limenikaa kooni wiki nzima. Mhusika ni nani kama si yeye? Kisima amekichota tangu akiwa mwari, na leo wajukuu wake wanakiogea, wanakipikia, na bomba likikauka wanakinywa. Sote tunajua jinsi Mombasa inavyojengwa: choo cha shimo hapa, kisima hatua chache kule, na chini ya vyote viwili ni mwamba wa matumbawe uliojaa matundu. Kinachoingia chooni hakina safari ndefu.

Naomba tulifikirie jambo hili polepole, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Majibu ya maji yana kazi moja kubwa, kumwambia anayechota afanye nini kesho asubuhi. Kama kilichoonekana ni vijidudu vya kinyesi, bi mkubwa atachemsha au atatia klorini, na gharama yake ni makaa kidogo. Kama ni naitreti, chumvi inayoingia majini kutoka kwenye kinyesi na mbolea, kuchemsha hakumsaidii kitu. Maji yanapungua kwa mvuke na naitreti inabaki ile ile katika maji machache zaidi, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo anaweza kukosa hewa kwenye damu hadi midomo ikageuka rangi. Hizi ni hatari mbili zenye dawa mbili tofauti, na mtu aliyeijua tofauti hiyo alikaa nayo mwaka mzima ndani ya faili. Kwa mwaka mzima mama huyu amekuwa akichemsha au hachemshi kwa kubahatisha.

Sisi watu wa Pwani hatuna haki ya kushangaa. Tuna Owino Uhuru, mtaa wa hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ukutani kwa nyumba za watu, moshi ukatua juu ya mabati, na mvua ikaosha mabati hayo ndani ya mitungi ya maji ya kunywa. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009, na mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia ripoti ya athari za mazingira akishirikiana na wataalamu. Ushauri uliotoka ulikuwa wazi: mahali pale hapafai, kiwanda kihamishwe. Wenye kiwanda wakauweka kando ushauri huo, naye akapewa kazi nyingine. Baadaye mtoto wake mwenyewe akaugua, na vipimo vikaonyesha madini ya risasi. Ndipo alipotaka watoto wa mtaani nao wapimwe, na damu yao ikasema yale yale.

Angalieni mpangilio wa mambo. Utaalamu ulikuwepo tangu mwanzo, na ukweli ulishaandikwa. Kilichokosekana ni njia ya ukweli huo kuwafikia watu waliokuwa wakinywa yale maji. Risasi haina harufu wala ladha majini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ikawapa wakaazi shilingi bilioni 1.3, ikaamuru udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, na NEMA yenyewe, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, ikabebeshwa asilimia 40 ya fidia. Rufaa zikafuata, hadi Mahakama ya Juu ikawarudishia wakaazi haki yao Desemba 2024. Hesabu miaka kuanzia 2009. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa ameshafika umri wa sekondari.

Kuna watakaosema sheria ipo. Ndiyo, ipo. Kanuni za 2003 za tathmini ya athari za mazingira zinadai mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, na tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji. Na huyu mshauri hulipwa na mwenye mradi, yule yule ambaye ripoti mbaya itamkwamisha. Hilo linahitaji makala yake.

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Bila maabara tungebaki kubishana. Mama wa Owino Uhuru angelia mpaka leo kwamba mwanawe anaharisha na kukonda, na jibu lingekuwa ni malaria. Namba za damu ndizo zilizofunga mdomo wa ofisi. Kwa hiyo siwafukuzi wataalamu, wala sisemi kwamba mzee wa mtaa anaweza kuonja maji akajua kilichomo. Ninachodai ni kwamba tushike vichupa pamoja nao, na majibu yarudi kwenye mlango yalikotoka.

Linawezekana, tena si mbali. Shukeni Gazi, kule Kwale. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, imekuwa ikiuza hewa ya kaboni ya mikoko yao tangu 2013, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo miti hiyo huivuta na kuihifadhi, hekta 117 tu, na wanakijiji wa Gazi na Makongeni hawakuachwa kando wakitazama wanasayansi wakipima miti. Wao hupanda, hulinda na hupima, na wao hukaa barazani kuamua fedha zifanye nini. Sehemu ya fedha hizo wakaamua iwe maji ya bomba kwa vijiji vyao. Nilipofika kule, kijana aliyekuwa ameishika futi ya kupimia shina la mkoko alinieleza hesabu yake kwa Kiswahili chepesi kuliko chochote nilichosikia chini ya mwarobaini wetu.

Jumatatu tumepeleka barua kwa mshauri, nakala kwa chifu na kwa ofisi ya maji ya kaunti. Ina sahihi 41, na safari hii tulisoma kwanza ndipo tukatia. Tumeomba mambo matatu: majibu ya vipimo vya mwaka jana, kisima kwa kisima, kwa Kiswahili, vijana wanne wa mtaa wafundishwe kuchukua sampuli na wawepo kila zinapochukuliwa, na majibu yabandikwe msikitini, kanisani na dukani kabla ya kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote. Kikao kijacho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bi mkubwa ameniomba nimpitie nyumbani nimsindikize, kwa sababu ya goti. Jana nilipompelekea nakala yake nilimkuta kisimani, ndoo imeshuka nusu, mjukuu amesimama kando na kikombe.